Sheria Inayomtafuta Dereva

Ukiwasha gari lililotoka Japani hapa Lubumbashi, mara nyingi wa kwanza kukusalimia ni mwanamke asiyeonekana, anayekuambia kwa Kijapani kwamba kadi haijachomekwa. Kadi anayoitaka ni ya ETC, mfumo ambao kule Japani unalipisha magari kwenye barabara za kasi bila gari kusimama. Hapa kwetu shofere haelewi, abiria haelewi, na wiki ikipita hakuna anayemsikia tena. Skrini nayo inaendelea kutafuta ramani ya Tokyo. Gari hilohilo likifika kwenye peaje, kituo cha kulipia barabara, ya njia ya Kasumbalesa mpakani na Zambia, shofere anashusha kioo na kutoa noti kwa mkono.

Kwa hiyo anayesema kwamba magari yanayozungumza na mitandao ni habari za Marekani na Uchina amechelewa. Yalishafika, ila yamefika bila mtu wa kuongea naye. Na watu wa L'shi, yaani Lubumbashi, wanapocheka kila linapotajwa gari linalojiendesha (“kwenye mashimo haya haya?”), nacheka nao, kwa sababu wanasema kweli. Teksi isiyo na dereva haitapita soko la Kenya hapa mjini Jumamosi mchana katika miaka ya karibuni, na sioni nani angeihitaji. Shida ya kicheko hicho ni kwamba kinachungulia mlango usio wenyewe. Mashine hizi haziingii Congo kwa mlango wa mjini. Zinaingia kwa mlango wa mgodi, na zimeshaingia.

Kibali, mgodi wa dhahabu wa Haut-Uélé, una mashine za chini ya ardhi zinazochota na kubeba mawe zenyewe. Mtu mmoja aliyeketi juu, mbali na vumbi na joto, anaweza kusimamia mashine hadi tano zinazofanya kazi kwenye njia moja kule chini. Hiyo ni Congo yetu, si Arizona ya Marekani yanakojaribiwa magari haya. Mali nao walifanya hivyo kwenye mgodi wa Syama. Na malori makubwa ya machimbo ya wazi yalianza kazi bila dereva mwaka 2008 kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral nchini Chile, kisha Pilbara kule Australia yakawa jambo la kawaida. Shaba, machimbo ya wazi, mashine za watengenezaji walewale: mtu anayejua ukanda wa Likasi hadi Kolwezi haambiwi maneno mengi hapo.

Teknolojia hii inastawi mgodini kwa sababu nyepesi. Pamezungushiwa uzio. Anayeingia anajulikana, anavaa kitambulisho, amefundishwa asimame wapi. Hakuna mtoto anayekimbiza mpira. Kama kuna kosa, msimamizi anazima kila kitu kwa kitufe kimoja. Ndani ya uzio huo sina wasiwasi mkubwa na mashine. Baadhi ya kazi inazochukua, hasa chini ya ardhi, ni zile zilizokuwa zikiua watu.

Wasiwasi wangu unaanzia getini, kwa sababu mgodi hauishii hapo. Asidi inaingia, chokaa inaingia, mafuta yanaingia, shaba na kobalti vinatoka, na vyote vinapita barabara namba moja, katikati ya vijiji na vituo vya mikate na shule. Kampuni ikishazoea lori linalojiendesha ndani, itatamani liendelee kilomita ishirini hadi stesheni ya reli, au lifuatane kwa msafara nyuma ya lori moja lenye dereva hadi mpakani. Nikiwa mhasibu wao, ningetamani pia. Sasa siku hiyo lori likamgonga mtu, sheria yetu itamtafuta nani?

Itamtafuta dereva. Hilo ndilo imefundishwa kufanya. Zaire, jina la nchi yetu wakati huo, ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani mwaka 1977, na mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikatoa sheria namba 78-022 ya kanuni za barabarani, iliyofuata nyayo za mkataba huo. Kifungu cha 8 cha Vienna kinaanza bila kuzunguka: kila gari linalotembea lazima liwe na dereva. Kila kitu kingine kinaning'inia kwenye msumari huo mmoja. Permi (leseni) ni ya dereva, pombe hupimwa kwa dereva, faini ya roulage, polisi wa barabarani, anaandikiwa dereva, na ajali ikitokea polisi wanaanza kuuliza dereva yuko wapi. (Mara nyingi jibu letu ni kwamba amekimbia.)

Mkataba wenyewe umeshasogea. Tangu tarehe 14 Julai 2022 kuna kifungu kipya, 34 bis, kinachosema kwamba sharti la kuwa na dereva linahesabika limetimizwa gari linapoendeshwa na mfumo wake, mradi mfumo huo unafuata kanuni za kiufundi na mradi nchi yenyewe ina sheria inayosimamia uendeshaji huo. Neno zito hapo ni la mwisho. Vienna haikufungua mlango. Imempa kila mwenye nyumba ufunguo wake. Ujerumani ilitunga yake mwaka 2021, ikataka kila gari la namna hiyo liwe na msimamizi wa kiufundi mwenye jina, anayeweza kulizima kutoka mbali. Ufaransa mwaka huohuo ilihamishia kwa mtengenezaji kosa la jinai linalotokea mfumo ukiwa ndio unaoendesha. Uingereza ilipitisha yake Mei 2024, na humo kampuni iliyoomba kibali ndiyo inayojibu kwa namna gari linavyoendeshwa, wakati mtu aliyekaa ndani analindwa. Sisi ufunguo bado uko mfukoni, na hilo peke yake si aibu; nchi nyingi ziko hivyo.

Ila tusidhani kwamba tumekaa bila sheria yoyote. Tuna moja ya zamani sana yenye meno kuliko ile ya 1978. Ni amri ya mwaka 1888, ya enzi za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu ya fidia. Kifungu cha 260 kinasema mtu anawajibika kwa madhara aliyoyafanya mwenyewe, kwa yale ya watu walio chini yake, na pia kwa yale yanayosababishwa na vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Hakitaji dereva. Ng'ombe, boila, tofali linalodondoka kutoka ghorofani: kitu kikidhuru, aliyekuwa akikilinda ajibu.

Basi ni nani mlinzi wa lori lisilo na dereva? Mgodi unasema lori ni la mkandarasi. Mkandarasi anasema hakuligusa, programu ndiyo iliyoamua. Mwenye programu, aliye nchi nyingine, alituma toleo jipya usiku wa kuamkia ajali na hajawahi kukanyaga Katanga. Wanasheria wa Ufaransa walikutana na fumbo la namna hii mwaka 1956 kwenye kesi ya chupa za oksijeni zilizolipuka: je, mlinzi ni aliyekuwa akizisafirisha, au aliyezitengeneza na kujua kilichomo ndani? Walijadili wakatofautisha ulinzi wa anayekitumia kitu na ulinzi wa aliyekiunda. Ni hoja nzuri kwa darasa la sheria. Kwa mjane wa Fungurume, ni miaka ya kungoja.

Na tunajua mambo yanavyokwenda, kwa sababu tumeshayaona lori likiwa na dereva wake. Tarehe 20 Februari 2019, kijiji cha Kabwe, kwenye njia ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, lori lililobeba asidi ya salfa liligongana na magari mengine na asidi ikamwagika juu ya watu. Wasiopungua 18 walikufa, wengine wakabaki na majeraha ya kuungua ya maisha yote. Asidi ilikuwa inakwenda mgodini, lori lilikuwa la msafirishaji wa kukodiwa, na mabishano kuhusu nani afidie nini yaliwafuata wahanga kwa miaka. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye leseni alipe madhara ya shughuli zake hata kama hakuna uzembe wake. Imeandikwa vizuri. Swali linalobaki wazi ni kama mzigo ulio juu ya lori la mtu mwingine, kwenye barabara ya serikali, bado ni shughuli ya mgodi. Ondoa dereva kwenye hadithi ya Kabwe na utaona jinsi fumbo linavyozidi kukaza.

Kuna ajali nyingine ambayo kila anayeandika sheria hizi kwetu angepaswa kuijua kwa moyo. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara pana akisukuma baiskeli iliyotundikwa mifuko ya plastiki. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, lililokuwa linajiendesha, lilimgonga akafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichunguza na kukuta kwamba mashine ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda huo unatosha kufunga breki. Ilimwona, lakini haikujua ameumbwaje: mara ikamwita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipombadilisha jina ilisahau alikotokea, hivyo haikuweza kukisia anakoelekea. Waliounda mfumo hawakuuwekea wazo kwamba mtu wa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko.

Sasa njoo usimame alfajiri kando ya njia inayoingia mjini. Kinga, yaani baiskeli, za makala (mkaa) zinakuja kwa msururu. Magunia yamefungwa kwa kamba za mpira, mawili pembeni na moja au mawili juu, hadi yamempita mwenyewe kichwa. Hapandi, anasukuma. Bega liko kwenye gunia, mkono mmoja umeshika usukani, miguu inatafuta lami. Ukimtazama kwa nyuma humwoni mtu kabisa. Unaona gunia linatembea. Hana taa, na wala hana kitu chochote cha kung'aa. Akisikia honi ya lori anajivuta kwenye changarawe, halafu akiona gurudumu linazama anarudi katikati ya barabara, kwa sababu gunia likianguka hapo siku yake imekwisha. Shofere wa Katanga anamjua huyu. Anapunguza, anapiga honi fupi, anampisha, na akiwa na haraka anamtukana. Mashine iliyofundishwa kwa picha za miji ya Phoenix kule Marekani na Wuhan kule Uchina haijawahi kumwona. Mwanamke wa Tempe alikuwa na mifuko michache tu ya plastiki, na hata huyo hawakumtambua.

Na ilikuwaje mahakamani? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Familia ilikuwa imeshamalizana na kampuni nje ya mahakama. Mwaka 2020 akashtakiwa mfanyakazi aliyekaa kwenye kiti cha dereva kuliangalia gari, ambaye macho yake hayakuwa barabarani. Mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha na kupewa miaka mitatu ya uangalizi. Alikuwa na kosa, sikatai. Lakini tazama jinsi sheria, ikiwa mbele ya kampuni, wahandisi, mameneja na programu nzima, ilivyonyoosha mkono ikamshika mtu aliyekuwa karibu zaidi na usukani. Hapa kwetu mtu huyo atakuwa kijana wa Kampemba aliyeajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, akae ndani ya lori na asiguse kitu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoanza maandalizi haya kwa minara ya 5G na “mji wa kisasa”. Nimeshasoma mipango ya namna hiyo. Ina picha nzuri. Kuhusu mawimbi, kazi ya sasa ya ARPTC, mamlaka yetu ya mawasiliano, ni ndogo: isigawe ovyo masafa ya gigahezi 5.9, ambayo kwingineko yametengwa ili magari yaongee na barabara. Kuhusu barabara yenyewe, mstari mweupe uliopakwa na kupakwa tena unamsaidia shofere wa leo usiku wa mvua na unaisaidia kamera ya kesho. Kuanzia Juni vumbi jekundu linapokaa hewani, vihisio vya leza vinaliona kama ukuta. Mvua zikianza alama zote zinafutika. Na chochote kitakachosimikwa kando ya njia kije na umeme wake. Roboti za kuongoza magari alizobuni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilizosimama Kinshasa tangu 2013, zilikuwa na paneli zake za jua kichwani, na hiyo ndiyo akili yake kubwa kuliko hata mikono inayozunguka.

Kasumbalesa ingetosha peke yake kuwaumiza kichwa wahandisi. Upande wa Zambia gari linapita kushoto, upande wetu kulia, na malori kutoka Dar es Salaam na Durban yanabadilisha upande yakiwa kwenye msongamano wa foleni, wabadili fedha, wauza maji na madereva waliolala chini ya trela. Madereva wanafanya hivyo kila siku bila mtu kuwasifu.

Ambalo lingeweza kufanyika mwaka huu, bila kungoja mashine yoyote, ni la data. Malori mengi ya shaba tayari yana GPS. Ofisini kuna mtu anayeona kwenye skrini lori lilikuwa na kasi gani, lilisimama wapi, dereva ameendesha saa ngapi bila kupumzika. Kampuni inaitumia rekodi hiyo kumkata dereva mshahara. Ajali ikitokea, rekodi hiyohiyo inakuwa mali ya siri ya kampuni, na familia ya marehemu inabaki na mchoro wa polisi uliochorwa kwa kalamu. Sheria ya dijitali tuliyoipata tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia ulinzi wa data za watu, na ni vizuri. Tunachohitaji juu yake ni kanuni fupi ya usafiri: lori lolote la mzigo wa hatari lihifadhi rekodi zake kwa muda uliowekwa, nakala ikae nchini, na mwendesha mashtaka au wakili wa mhanga akiomba apewe ndani ya siku chache. Asiyeitoa ahesabike ndiye mwenye kosa. Umoja wa Mataifa umeshaandika kanuni za kisanduku cha kumbukumbu za ajali, za usalama wa mtandao wa gari na za kubadilisha programu, namba 160, 155 na 156. Hatuna haja ya kubuni upya yaliyo ya kiufundi.

La pili ni mpangilio wa kulipa. Bima ya kumfidia mtu wa nje ni lazima tangu sheria ya mwaka 1973, na soko la bima limefunguliwa tangu sheria ya 2015. Sera za bima ziandikwe kwamba gari likiwa halina dereva, au dereva wake hakuwa anaendesha, anayelifaidi gari hilo, yaani mwenye mzigo pamoja na mwenye lori, analipa kwanza na lote. Baadaye waende wenyewe kushtakiana na mwenye programu huko aliko. Wao wana mawakili.

Najua jibu litakalokuja: ukiweka masharti mapema unawafukuza wawekezaji. Sijaona. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, na mwaka 2025 serikali ilisimamisha mauzo yake nje kwa miezi na kisha kuweka viwango, na hakuna mgodi uliohamia Ubelgiji. Jibu la pili lina uzito zaidi, lile la madereva wenyewe. Lori likijiendesha, watu wanaolisha familia kutoka Tunduma hadi Kolwezi watakwenda wapi? Sina dawa ya hilo, na siwaamini wanaosema kila dereva atageuzwa kuwa fundi wa kompyuta. Wachache watageuzwa. Wengine itabidi walipwe, na malipo hayo yanapaswa kujadiliwa kabla mashine ya kwanza haijavuka geti, wakati bado kampuni inahitaji kibali cha mtu.

Na kibali hicho hakisubiri Bunge la Kinshasa. Sheria ya migodi ya 2018 inaulazimisha kila mgodi kukubaliana na jamii zinazouzunguka hati ya majukumu yake, cahier des charges, inayopitiwa upya kila miaka mitano, na kuchangia angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Hadi sasa tunaandika humo shule, visima, zahanati. Hakuna kinachozuia kijiji kilicho kando ya njia ya asidi kuongeza kifungu: chombo chochote kisicho na dereva hakitatoka getini hadi mgodi uandike jina la anayekisimamia, simu inayopokelewa usiku na mchana, na kiasi kinacholipwa ndani ya siku thelathini mtu akiumizwa. Machifu na kamati za maeneo yenye mapitio ya karibu wanaweza kukipeleka mezani katika kikao kijacho, kikiwa kimeandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na orodha ya visima.